Mbwa mwenye ini bovu: apikiwe nini, kiasi gani, mara ngapi

Mbwa akishapimwa na kuambiwa ini lake lina shida, nyumbani huwa panafanyika moja kati ya mambo mawili. Ama anakatiwa nyama kabisa na kushindiliwa uji mtupu, ama ananunuliwa ini la ng'ombe kila siku kwa imani kwamba ini hujenga ini. Yote mawili yanamdhuru. Uji mtupu unamla misuli, na misuli ndiyo inayosaidia kusafisha amonia, sumu inayotokana na kusagwa kwa protini, pale ini linaposhindwa. Ini la ng'ombe nalo lina shaba tele: gramu 100 zilizopikwa zina miligramu 10 hivi na zaidi, ilhali kifua cha kuku cha uzito huohuo hakifiki miligramu 0.1. Ini linaloumwa hushindwa kuitoa shaba kupitia nyongo, nayo hujikusanya humohumo na kuzidi kuliunguza.

Mbwa wengi wenye ugonjwa wa ini wanahitaji protini ya kawaida, iliyo safi na rahisi kusagika. Wa kupunguziwa ni wale wachache wenye dalili za amonia kupanda kichwani, na hata hao hawakatiwi kabisa.

Kabla ya kubandika sufuria

Macho na fizi za manjano peke yake hazitoshi kusema ni ini. Kwetu huku homa ya kupe hupasua chembe nyekundu za damu, na mbwa akageuka manjano vilevile. Hiyo inataka dawa, na kila siku unayoipoteza ukihangaika na chakula inamgharimu. Apimwe damu kwanza. Kama daktari anashuku homa ya mkojo wa panya (leptospirosis), vaa glavu unaposafisha mkojo wa mbwa, maana ugonjwa huo humpata binadamu pia.

Ukiwa na majibu mkononi, muulize daktari wa mifugo mambo manne, kwa kuwa bakuli zima linategemea majibu yake.

Je, ana dalili za amonia? Huyu ni mbwa anayezunguka duara, anayekandamiza kichwa ukutani au kwenye kona ya mlango, anayetoa udenda, anayetazama kama haoni, au anayelala mzito saa moja hadi tatu baada ya kula, hasa akila nyama. Watoto wa mbwa waliozaliwa na mshipa unaopitisha damu kando ya ini huanza hivi wakiwa na miezi michache tu.

Je, tumbo lina maji? Kama ndiyo, chumvi inatoka kabisa.

Je, ni tatizo la shaba? Labrador, Doberman, Dalmatian, West Highland White na Bedlington Terrier wanajulikana kwa hili.

Na mwisho, je, njia ya nyongo imeziba au kongosho limevimba? Hapo tu ndipo mafuta hupunguzwa. Kwa wengine wote usiyaogope mafuta. Ndiyo nguvu inayoingia kwa ujazo mdogo, na mbwa asiye na hamu anahitaji kitu kidogo chenye nguvu nyingi.

Hatua ya 1: uzito wa kweli

Panda mizani umembeba, kisha panda peke yako, utoe. Mbwa mkubwa asiyebebeka mpeleke kliniki. Kama tumbo limejaa maji, namba hiyo inadanganya: mbwa wa kilo 24 anaweza kuwa wa kilo 20 mwenye lita 4 za maji ndani. Papasa uti wa mgongo na mbavu. Ukikuta mifupa imechomoza huku tumbo likining'inia, mwombe daktari akukadirie uzito bila maji, na utumie huo.

Hatua ya 2: kalori kwa kikokotozi cha simu

Chukua kilo zake, zizidishe kwa zenyewe mara tatu (kilo × kilo × kilo). Bonyeza kipeuo cha pili mara mbili mfululizo. Zidisha kwa 70. Hizo ni kalori za kuishi tu akiwa amelala. Zidisha kwa 1.4 upate za siku nzima. Kwa mfano, mbwa wa kilo 12: 12 × 12 × 12 ni 1,728; kipeuo ni 41.6, kipeuo tena ni 6.45, mara 70 ni 451, mara 1.4 ni kama 630.

Kwa haraka:

- Kilo 5: kalori 330
- Kilo 10: kalori 550
- Kilo 20: kalori 930
- Kilo 30: kalori 1,250

Ona kwamba mbwa wa kilo 30 hali mara tatu ya yule wa kilo 10. Anakula mara 2.3 tu. Hapo ndipo wengi wanapowashindilia wakubwa na kuwapunja wadogo. Akiwa ndiyo kwanza anarudia kula baada ya kulala njaa, siku ya kwanza mpe robo ya hesabu, ya pili nusu, ya tatu robo tatu, ya nne kamili.

Hatua ya 3: sufuria la mbwa asiye na dalili za amonia

Vipimo hivi ni vya siku moja kwa mbwa wa kilo 10. Kwa wa kilo 5 zidisha kila kitu kwa 0.6, wa kilo 20 kwa 1.7, wa kilo 30 kwa 2.3.

- Mchele mweupe mkavu gramu 90 (karibu nusu kikombe cha mililita 250)
- Kifua cha kuku bila ngozi, gramu 70 kikiwa kibichi
- Yai 1
- Karoti au boga gramu 50
- Mafuta ya alizeti kijiko 1 cha chai
- Ganda la yai lililosagwa, robo ya kijiko cha chai na kuzidi kidogo

Jumla ni kama kalori 540 na protini gramu 29 hivi.

Osha mchele, uupike kwa maji mengi kuliko unavyopika wali wa watu, uwe bokoboko linalopondeka kwa kijiko. Kuku mchemshe pembeni, umchambue vipande vidogo kama kucha. Yai lichemshwe likauke, ulisage kwa uma. Karoti ichemke mpaka ilainike, maana mbwa hutafuna karoti ngumu juujuu tu na utaiona ikitoka nzima kama ilivyoingia. Changanya vyote, uongeze mafuta mwishoni chakula kikishatoka motoni.

Ganda la yai ndilo linalosahaulika. Kuku na wali havina kalisi ya kutosha, na mbwa akikosa kalisi mwezi hata mwezi anaivuta kwenye mifupa yake. Osha maganda, yachemshe dakika 5, yakauke juani, kisha twanga kwenye kinu au saga kwa blenda mpaka yawe unga laini usiokwaruza ukiupapasa kwa vidole. Chembe zenye ncha zitoe kwa chujio la chai.

Usiweke chumvi, mchemraba wa supu, unga wa mchuzi, kitunguu maji wala kitunguu saumu. Vitunguu vyote hupasua damu ya mbwa, viwe vibichi au vimekaangwa. Wanaopika sufuria moja na la familia hukwama hapa: sehemu ya mbwa itolewe kabla kitunguu hakijaingia.

Kuku anaweza kubadilishwa na samaki mweupe asiye na miiba, kwa mfano minofu ya sangara, kwa kipimo kilekile na nusu yake tena. Nyama nyekundu isiyo na mafuta inakubalika kwa mbwa huyu kwa kiasi kidogo. Utumbo, figo, bandama, kamba na kaa viache. Dagaa wakavu nao tunawaweka kando: wengi wana chumvi na mchanga, na mafuta yao huwa yameshachacha.

Chakula hiki hakijakamilika. Kinakosa zinki, vitamini D, vitamini E na vingine, hivyo kinafaa kwa wiki chache. Kikiendelea, daktari akuandikie vitamini za mbwa. Usichukue za binadamu bila kusoma lebo, kwani nyingi zina shaba, na kwenye lebo imeandikwa copper. Zinki tunaisifu kwa sababu huzuia shaba kunyonywa utumboni, lakini ikizidi humtapisha na kuharibu damu, kwa hiyo kipimo kitoke kwa daktari.

Ukipata chakula cha dukani kilichotengenezwa kwa ajili ya ini, kama Hill's l/d au Royal Canin Hepatic, ni kazi nyepesi: shaba imepunguzwa na zinki imeongezwa. Protini yake nayo imepunguzwa, kwa hiyo mbwa asiye na dalili za amonia mara nyingi huongezewa yai au kuku kidogo juu yake. Uliza kiasi.

Hatua ya 4: sufuria la mbwa mwenye dalili za amonia

Hapa nyama inatoka, na protini inabaki ya yai na maziwa. Amonia inayotokana na hizo huwa rahisi kwa mbwa huyu kuliko ya nyama nyekundu, na iliyo mbaya kuliko zote ni ya damu. Ndiyo maana supu ya mifupa na masalia ya machinjio humpandishia dalili haraka. Kwa kilo 10, kwa siku:

- Mchele mweupe mkavu gramu 100
- Mayai 2 yaliyochemshwa
- Mtindi usio na sukari mililita 100
- Boga lililopondwa vijiko 3 vya chakula
- Ganda la yai kama juu

Hiyo ni protini gramu 23 hivi, yaani zaidi kidogo ya gramu 2 kwa kila kilo ya mbwa. Usishuke chini ya gramu 2 bila daktari. Mtindi tumeuchagua mbele ya maziwa mabichi kwa kuwa sukari ya maziwa imeshapungua kwenye kuganda, na matumbo mengi ya mbwa huivumilia vizuri zaidi. Boga ni la nyuzinyuzi: husogeza kinyesi na kuwapa bakteria wa utumbo mkubwa kitu kingine cha kula badala ya protini.

Daktari akimwandikia laktulosi, ile dawa tamu ya maji inayouzwa famasi kwa ajili ya kukosa choo, lengo lake ni amonia inaswe kwenye kinyesi itoke nacho. Unajua kipimo kimekaa sawa pale anapopata choo laini mara 2 hadi 3 kwa siku, kilaini kama ndizi mbivu iliyopondwa. Kikiwa maji, kipimo kimezidi na lazima kishuke: mbwa aliyekaukiwa maji na kupoteza chumvichumvi za damu hupandisha amonia upya, dawa ikawa imegeuka. Choo kikigoma siku nzima nako ni hatari, kwani kinyesi kinakaa kinatengeneza amonia.

Angalia rangi pia. Choo cheusi kama lami ni damu iliyosagwa, na kwa mbwa huyu damu inayovuja tumboni ni sawa na kumlisha nyama. Minyoo ya safura au kidonda cha tumbo huweza kuvuruga kichwa cha mbwa ambaye bakuli lake halina kosa lolote.

Hatua ya 5: saa za kula

Gawa chakula cha siku mara 4 hadi 6. Ratiba inayofanya kazi kwenye nyumba ya watu wanaokwenda kazini: saa 12 asubuhi, saa 6 mchana (akiwepo mtu), saa 11 jioni, saa 2 usiku na saa 5 usiku. Hiyo ya mwisho usiiruke. Ini zima huweka akiba ya sukari ya kumfikisha asubuhi, na bovu halina. Mbwa akilala kwa muda wa saa 10 bila kitu tumboni, anaamka anatetemeka na miguu haina nguvu. Ukimkuta hivyo na bado ana fahamu, mpake asali au glukosi kijiko cha chai kwenye fizi, kisha mpe chakula akizinduka vizuri, na umpigie daktari.

Kipashe kiwe vuguvugu kama mwili wake, si moto. Harufu ndiyo inayomwita mbwa mwenye kichefuchefu.

Unga wa mbwa

Hapa hatupiti haraka, kwa sababu chanzo cha ini bovu mara nyingine kiko kwenye gunia lenyewe. Mbwa wengi wa kwetu wanakula ugali, ukoko, pumba na mahindi yaliyokataliwa kwa watu. Mahindi yaliyolowa na karanga zilizosinyaa huota ukungu unaotoa sumukuvu, na mbwa ni miongoni mwa wanyama wanaoumizwa nayo kwa wepesi sana. Hii ndiyo sumu iliyoua watu 125 Ukambani, Kenya, mwaka 2004, na iliyozuka tena Dodoma na Manyara mwaka 2016. Ikiwa shehena haifai kwa mtu, inamfaaje mnyama wa kilo 15?

Kuipika hakusaidii. Sumu hii inahimili zaidi ya nyuzi 200, na ugali unachemka kwenye 100. Kuchagua punje zilizooza kunapunguza, hakumalizi, maana sumu inaweza kuwepo kwenye punje isiyo na doa. Unga ukishasagwa ndiyo huoni kitu kabisa.

Kwa mbwa ambaye ini lake limeshagonga kengele, acha mahindi, pumba, mashudu na karanga zote. Tumia mchele. Chenga za mchele ni nafuu na zinafaa zikiwa kavu, nyeupe na bila harufu ya uvundo. Bei ikikubana, viazi mviringo vilivyomenywa na kuchemshwa hushika nafasi ya mchele kwa uzito wa mara nne na nusu: gramu 400 za viazi kwa gramu 90 za mchele mkavu. Viazi vya kijani au vilivyochipua tupa. Chakula cha mbwa cha gunia kilichokaa wazi dukani kikiuzwa kwa kilo nacho tukiogope: hakijulikani kimefunguliwa lini.

Vitu vingine vya kuondoa nyumbani

Panadol, diklofenaki na ibuprofeni: usimpe hata robo kidonge. Peremende na bablishi zisizo na sukari zenye xylitol huweza kuua ini la mbwa kwa siku moja au mbili. Mbegu za mti wa cycas, ule unaofanana na mnazi mfupi kwenye bustani za hoteli na nyumba, ni sumu kali ya ini. Zungushia uzio au ung'oe. Chokoleti, zabibu na pombe havihitaji maelezo. Nyama mbichi nayo hapana: damu yote ya utumbo hupita kwenye ini ichujwe bakteria, na hilo chujio ndilo limetoboka. Dawa za mitishamba pia husagwa na ini, hata kama zimechumwa kwa nia njema.

Akikataa kula

Usimwekee bakuli asubuhi ukaliacha mpaka jioni. Dakika 15, liondoe, jaribu tena baada ya saa mbili. Kwenye joto la Dar au Mombasa wali wenye kuku huchacha upesi. Uliopikwa hukaa friji siku 3. Bila friji pika asubuhi na jioni.

Usifiche dawa kwenye chakula chake kikuu. Akionja uchungu mara mbili, anakisusa chakula hicho hata wiki mbili mbele. Dawa ifungwe kwenye kipande kidogo cha yai, kando.

Ukilazimika kutumia bomba la sindano, bila sindano yenyewe, chakula kiwe kimesagwa laini, mbwa akae au asimame, ncha iingie shavuni nyuma ya jino la chonge, mililita 1 hadi 2 kwa mara moja, asubiriwe ameze. Kichwa kisielekezwe juu, chakula kitaingia mapafuni. Mbwa mwenye usingizi mzito au anayeyumba asilishwe kwa mdomo kabisa. Na mbwa asiyekula siku mbili usimbembeleze hadi ya nne: kliniki inaweza kumwekea mpira wa kulishia, na kufanya hivyo mapema ni bora kuliko kusubiri misuli iishe.

Daftari

Kila Jumapili, kabla hajala: uzito, mzingo wa tumbo kwa utepe wa fundi cherehani (nyuma ya mbavu ya mwisho, palepale kila wiki), na alama ya misuli ya paji la uso na mapaja, imejaa au imebonyea. Kila siku: amekula sehemu gani ya bakuli, choo mara ngapi, mkojo rangi gani. Mkojo wa rangi ya chai kali, choo cha kijivu kama udongo wa mfinyanzi, tumbo lililoongezeka sentimita 3 kwa wiki, kutapika damu, au degedege: siku hiyohiyo kwa daktari.

Kipimo cha damu kirudiwe baada ya wiki 4 hivi, albumini (protini ya damu inayotengenezwa na ini) ikiwemo. Kama kichwa kimetulia lakini albumini iko chini na mapaja yanaendelea kubonyea, yule wa sufuria la pili anaongezwa nusu yai kwa siku kwa kila kilo 10 za uzito wake, akae hivyo wiki mbili ukimwangalia, kisha nusu nyingine. Akianza kuzunguka au kusinzia baada ya chakula, rudi hatua moja nyuma na ubaki hapo.